Hati Isiyovuka Mto

Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani, na Dorsey Stannard alikuwa amesimama kando ya barabara mikono imefungwa pingu mgongoni, kisa taa ya nyuma ya gari iliyoungua. Mkewe, Nolene, alibaki garini na bakuli la viazi mapajani, akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Mama mmoja wa kwaya alipita, akainua mkono kuwasalimu, akaziona pingu, akaushusha mkono kana kwamba alikuwa anafukuza nzi.

"Niwie radhi, bwana Stannard," alisema yule polisi kijana, Petrosky. "Mashine ikiniambia mtu anatakiwa, kwanza nafunga, ndipo nauliza."

"Uliza, afande. Jibu mimi nalijua kwa moyo."

Petrosky akauliza kwa redio. Kutoka ng'ambo ya mto, katika jimbo la West Virginia, ikajibu sauti ya mwanamke aliyekuwa anatafuna kitu. Ndiyo, Stannard ni wetu. Hati ya kumkamata ingali hai. Lakini hatumfuati mtu huyo nje ya jimbo. Mwachieni.

"Unatakiwa," Petrosky akasema huku akifungua pingu, "ila si kiasi cha kufuatwa."

Nolene akateremsha kioo. "Na siku wakibadili mawazo?"

"Wakibadili, mama, itanibidi nimweke ndani, kisha afikishwe kwa hakimu wa hapa Ohio. Hakimu atamwuliza kama anakubali kwenda kwa hiari yake. Akikubali, wanakuja na gari lao kumchukua. Akikataa, anakaa jela huku gavana wa kule anamwandikia gavana wetu. Mambo ya wakubwa hayo, hayana haraka."

"Na akivuka mwenyewe?"

Kijana akalitazama daraja, lile la chuma lililopakwa rangi ya kijani, lililoonekana vizuri kutoka pale. "Akivuka mwenyewe, hapo hakuna cha gavana wala barua. Ni wao na yeye."

Dorsey akarudi garini akijisugua vifundo vya mikono. Njia nzima macho yake yalikuwa upande wa mto.

*

Kosa lenyewe lilikuwa la zamani. Kiwanda cha vioo cha Brannock kilipofungwa, Dorsey na wenzake waliingia usiku wakang'oa nyaya za shaba. Alikamatwa, akaandikiwa tarehe ya kufika mahakamani, na tarehe hiyo ilipofika alikuwa tayari amehamia upande huu, Fennerton, ambako alipata kazi ya kutengeneza mashine za kukatia nyasi. Kila mwaka alisema atavuka mwakani akayamalize. Miaka kumi na moja ikapita. Wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, ikiutazama mto. Ng'ambo kabisa, ukingoni, lilikuwa jengo la matofali la kutunzia wazee, na katika chumba chenye dirisha la tatu la ghorofa ya juu alilala Vesta, mama yake Dorsey. Alilazwa huko mwezi wa tatu, baada ya kuanguka. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, akitambua mwanga na vivuli tu, na sauti za watu alizichanganya. Dorsey alimpigia simu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nolene, ambaye hakutakiwa na mtu yeyote popote, alivuka kila Jumapili baada ya ibada.

Jumapili hiyo pia alivuka, na viazi vyake.

"Dorsey hajambo mguu?" Vesta akamwuliza hata kabla hajaketi.

"Mguu gani, mama?"

"Si goti linamsumbua. Jana aliketi hapo kwa taabu, nikasikia linalia kama mlango." Bibi akacheka. "Nimemwambia ajipake mafuta ya kafuri. Baba yake alikuwa hivyohivyo."

Nolene aliinamia bakuli. Magoti ya Dorsey yalikuwa mazima kama ya kijana. "Mama, Dorsey hawezi kuja huku. Unajua."

"Nani kasema? Anakuja. Tazama." Akanyoosha mikono. Kucha zilikuwa zimekatwa fupi, kwa uangalifu, zikasuguliwa pembe. Jumapili iliyotangulia zilikuwa ndefu, na Nolene alikuwa amejiambia atakuja na kikatia kucha. Alikuwa amekisahau tena.

Mlangoni alikutana na mhudumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aliyeitwa Marvella. "Mama anakwambia kweli," Marvella akasema. "Mumeo ni mtu wa kupigiwa mfano, dada. Kuna wazee hapa wana watoto saba na hawamwoni hata mmoja. Yeye karibu kila jioni."

"Mume wangu?"

"Ndiyo. Dorsey. Yule mrefu, wa koti la kahawia."

Dorsey alikuwa mrefu. Dorsey alikuwa na koti la kahawia.

*

Nolene alimwambia mumewe wakati wa chakula cha jioni, maharage na mkate wa mahindi. Kwanza alimwuliza kwa ukali kama anavuka kwa siri, na Dorsey akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Nivuke lini? Nikitoka karakana si nakuja hapa? Si unaniona?"

"Nakuona."

"Basi?" Akaweka kijiko chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na msemo. Mtu akionekana mahali ambapo hayupo, kaburi lake limeshapimwa."

"Usianze."

"Sianzi. Nakwambia alichosema."

Jua lilikuwa limezama nyuma yao, mlima wao ukiwa gizani, lakini ng'ambo taa zilikuwa zinawashwa, moja moja. Ilipowaka ya dirisha la tatu, Dorsey alikuwa tayari kibarazani. Nolene akamfuata akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi.

Kivuli kilikuwa kimesimama dirishani. Mtu mrefu, mabega yake mapana na yaliyoinama kidogo kushoto, kama ya Dorsey. Hakuwa akimtazama mgonjwa. Alikuwa ameigeukia nyumba yao, ng'ambo ya maji yote yale, na mkono mmoja ameuegemeza juu ya fremu.

Nolene akageuka kumtazama mumewe. Na yeye alikuwa ameuegemeza mkono wake juu, kwenye nguzo ya baraza.

"Shusha mkono," akamwambia.

"Nini?"

"Nimesema shusha mkono, Dorsey!"

Akaushusha. Ng'ambo, yule mtu naye akaondoka dirishani.

*

Wiki ile nyumba ilibadilika. Dorsey aliacha kunyoa ndevu kwa sababu hakupenda kujiangalia kwenye kioo. Akiwa ameketi, ghafla angemwita Nolene kutoka jikoni, na Nolene akija, Dorsey hana la kusema. Alitaka tu aitikiwe. Kazini aliharibu mashine mbili, na tajiri wake akamwambia mbele ya wateja kwamba kama anaumwa akalale, asimtie hasara.

Alhamisi jioni aliamua kumpigia mama yake saa ile ya taa. Aliiweka simu kwenye spika ili Nolene naye asikie.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Dorsey."

Vesta akacheka, kicheko cha mtu anayetaniwa. "Wacha utani wako, kijana. Dorsey yuko hapa kanishika mkono. Wewe ni nani?"

"Mama, ni Dorsey. Mwanao."

"Haya, haya. Zungumza naye mwenyewe."

Walisikia simu ikipokezwa, shuka likikwaruzwa. Halafu pumzi. Mtu alikuwa anapumua, taratibu, karibu kabisa na simu. Nolene aliwasikiliza wote wawili wakipumua, huyu wa hapa na yule wa kule, mpaka hakujua ipi ni ya nani. Kisha simu ikakatwa, bila pupa, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Dorsey alikuwa mweupe kama unga. "Nolene," akasema, "niguse."

Akamgusa. Alikuwa wa baridi, lakini alikuwepo.

*

Ijumaa nyumba ya wazee ilipiga simu. Vesta amekataa kula, pumzi inapanda na kushuka. Mwenye kutaka kumwona asingoje Jumapili. Dorsey alikuwa bado kazini. Nolene hakumngoja. Aliaga jikoni shuleni alikopika, akavuka daraja akiwa bado amevaa aproni.

Yule mtu alikuwa ameketi kando ya kitanda, mgongo kwa mlango. Koti la kahawia. Nywele zenye mvi kisogoni, kama za mumewe. Nolene alisimama kizingitini, akasema jina ambalo hakukusudia kulisema.

"Dorsey?"

Mtu akageuka, na alikuwa na uso wa mtu mwingine. Uso mrefu, uliochoka, wa mtu wa miaka hamsini na kitu. Alinyanyuka, goti likalia kama mlango. Alipoinuka koti likafunguka, na Nolene akaiona beji kiunoni.

"Tutoke nje, mama," akanong'ona. "Amelala."

Ukumbini alisema jina lake: Ames Teague, polisi wa kaunti ya Brannock. Kazi yake ilikuwa hati za kukamatwa, zile zilizochacha ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Bibi alipolazwa aliona jina lake, akajua mwana atakuja tu. Hakuna mtego mzuri kama mama mgonjwa. Akavaa nguo za nyumbani, akaja kumngoja.

"Nikaketi pale pale. Akanisikia, akasema, Dorsey, umekuja. Nikafungua kinywa nimwambie hapana." Akafuta uso kwa kiganja. "Akanishika mkono kabla sijasema."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nilijiambia nimekuja kungoja."

"Na siku zilizofuata? Tangu mwezi wa tatu! Ulikuwa unangoja nini?"

Teague akageuka kuutazama mlango wa chumba. "Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Huyu amenihadithia utoto wangu wote. Najua nilivyoanguka kwenye pipa la lami. Najua mbwa wangu aliitwa nani." Akagundua alichosema. "Mbwa wake, yaani. Wa mumeo."

Woga ulikuwa umemtoka Nolene, lakini kilichokuja mahali pake hakikuwa bora. "Umemwibia mama yake," akasema.

"Sikuiba, mama. Niliitwa."

"Basi mpishe. Mume wangu nitamwambia aje, umpishe."

"Mwambie asije." Sauti ya Teague ilikuwa inaomba. "Akiweka mguu upande huu nikamwona, nitamfunga. Nimekula kiapo. Siwezi kumwona nisimwone. Huko aliko hatumfuati, abaki huko. Mama yupo na mtu."

"Yupo na nani?" Nolene akauliza.

*

Dorsey alisikiliza habari yote akiwa amesimama katikati ya jiko. Nolene alidhani atapumua, maana kumbe si mzuka, ni mtu mwenye damu na goti bovu. Lakini uso wake uliiva kwa hasira.

"Anamwita Dorsey?"

"Haoni, mume wangu."

"Na yeye anaitika?"

"Anaitika."

Akavaa koti. Nolene akamshika mkono, akamkumbusha kazi, akamkumbusha jela. "Mzuka ningeuachia," Dorsey akasema. "Polisi simwachii."

Hakuchukua gari. Walitembea juu ya daraja, yeye mbele, mkewe nyuma akikimbiakimbia, magari yakipita na kulitikisa. Katikati palikuwa na kibao kidogo cha kuonyesha jimbo moja limeishia hapo na jingine limeanza. Dorsey alisita mbele yake, kama mtu anayejaribu maji kwa dole gumba la mguu. Kisha akapita. Hapakutokea kitu. Mto uliendelea kwenda chini yao, mweusi, bila kujua ni wa nani.

Teague alikuwa ameketi palepale. Alipomwona Dorsey mlangoni alifumba macho kidogo. Watu wawili wale walitazamana, mrefu na mrefu, kahawia na kahawia. Dorsey akapiga hatua mbili za mtu aliyevaa viatu vya kazi, vya chuma mbele, na sakafu ikalia.

Vesta akazinduka. Aligeuza uso kuelekea vile viatu, na hofu ikamjaa.

"Nani huyo? Polisi?"

"Mama," Dorsey akasema.

"Nilijua mtakuja." Alikuwa ameudaka mkono wa Teague kwa mikono yake yote miwili, akauvutia kifuani. "Afande, nakuomba. Usimchukue mwanangu. Shaba ilikuwa ya kiwanda kilichokwisha kufa, haikumwumiza mtu. Ni mtoto mwema. Kila jioni yuko nami. Ukimchukua nitabaki na nani?"

Nolene aliziba mdomo kwa aproni. Teague alijaribu kuutoa mkono. "Bibi Vesta," akasema, "sikiliza, mwanao ni..." Lakini bibi alizidi kumng'ang'ania, pumzi zikimkatika, "Nyamaza, Dorsey, usiseme kitu, wakikusikia wanakuandika," na midomo yake ilianza kugeuka rangi ya bluu.

Dorsey alisimama. Nolene aliuona uso wake ukitafuta njia ya kupita, huku na huku, na kuikosa. Kisha akanyoosha mgongo. Alipozungumza, sauti ilikuwa nzito, kavu, ya watu wote waliowahi kumfunga pingu kando ya barabara.

"Tulia, mama. Sikuja kumchukua."

"Hukuja?"

"Nimekuja kutoa taarifa. Ile hati imefutwa. Dorsey Stannard hatafutwi tena na mtu, upande huu wala ule."

"Kweli, afande?"

"Kweli."

Bibi akaachia pumzi ndefu. Vidole vyake vikalegea, lakini mkono wa Teague hakuuacha. "Mungu akubariki," akamwambia mwanawe. "Mama yako alikulea vizuri."

"Ndiyo, mama," akasema Dorsey. "Alinilea." Alikaa amesimama pale, kama afisa anavyosimama, mpaka mama yake akasinzia.

Teague alimfunga ukumbini. Alimfunga mikono kwa mbele, si mgongoni, akamfunika pingu kwa koti ili Marvella asizione. Marvella alikuwa ameziona. Alisimama na sinia la dawa, akimtazama huyu na yule, midomo ikisema jina moja bila sauti.

*

Vesta alifariki Jumapili asubuhi. Dorsey alikuwa mahabusu, akingoja hakimu wa Jumatatu. Teague aliomba aruhusiwe kumpeleka akamwage mama yake, mkubwa wake akamwambia jela si gari la abiria. Nolene alifika wakati shuka limeshavutwa. Aliyekuwa ameketi kando ya kitanda tangu alfajiri ni Teague.

Jumatatu hakimu alilipekua faili, akacheka kidogo, akauliza kama hicho kiwanda bado kipo. Hakipo. Akatoa hukumu ya siku kumi, kwa sababu ya kutofika mahakamani, akasema na yaishie hapo. Miaka kumi na moja ikafungwa kabla chai yake haijapoa. Mazishi yaliahirishwa mpaka Dorsey atoke.

Siku ya kutoka, Nolene aliegesha gari ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la jela. Baridi ilikuwa imeshaingia. Aliwaona wakitoka pamoja, Teague na Dorsey, wakasimama chini ya ngazi wakizungumza. Akateremsha kioo, na upepo ukamletea maneno.

"Alikuwa na akili zake mwishoni?" Dorsey alikuwa anauliza.

"Alikuwa nazo."

"Alisema nini?"

Teague alitazama chini. "Ni ya kwako. Nimeitunza tu." Akasafisha koo. "Alisema, Dorsey, funga koti lako, nje kuna baridi."

Dorsey akageuka kuutazama mto, akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kutoka chini mpaka shingoni. Teague naye alikuwa amegeukia hukohuko, mikono yake ikienda kifungo kwa kifungo. Nolene, kutoka nyuma, aliona migongo miwili ya kahawia, visogo viwili vya mvi, mabega yaliyoinama kushoto. Akajiambia, wangu ni yule wa kulia. Akaangalia tena, hakuwa na hakika.

Alifungua mlango, akasimama barabarani, akaita kwa nguvu.

"Dorsey!"

Wakageuka wote wawili.